Jinsi Pori Linavyogeuzwa Kitoweo

Mwekee mgeni mgagani uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, naye atamega matonge mawili kisha atausogeza pembeni ya sahani. Siku nyingine mwekee mgagani uleule, uliomwagwa maji ya kwanza, ukaungwa kwa maziwa na kuachwa ulale ndani yake usiku mzima. Ataomba uongezwe. Mmea ni mmoja, tofauti ni kazi iliyofanyika jikoni. Naandika juu ya kazi hiyo kwa sababu vyakula vya porini vimeanza kusifiwa sana mijini, lakini sifa hizo hazifuatani na maelezo ya upishi. Mtu ananunua fungu la mnavu au kilo ya nyama ya swala, anaipika kama alivyozoea kupika mchicha na ng'ombe, kisha anaamua kwamba chakula cha mababu kilikuwa cha shida tu. Uamuzi huo si wa haki hata kidogo.

Tuanze na uchungu, maana ndio unaowafukuza wengi. Mmea hauna miguu ya kumkimbia mdudu wala mbuzi, kwa hiyo hujilinda kwa kemikali. Mboga za bustani zimelelewa na wakulima kwa vizazi vingi, na kila mara mbegu iliyotunzwa ilikuwa ya mche usiouma ulimi. Mboga ya porini haikupitia mchujo huo. Binadamu naye ana aina takriban 25 za vipokezi vya ladha chungu, kwa sababu uchungu mara nyingi ndio dalili ya kwanza ya sumu. Watoto huusikia kwa ukali kuliko watu wazima, kwa hiyo mtoto anayekunja uso mbele ya mnavu hana ukaidi wowote. Ulimi wake unafanya kazi uliyoumbiwa.

Mgagani una mambo mawili kwa pamoja: uchungu, na ukali unaofanana na haradali. Ukali huo huzaliwa pale jani linapokatwa au kutafunwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli kikakutana na kemikali ziitwazo glukosinoleti. Kuchemsha kunakizima kimeng'enya. Uchungu uliobaki hudhibitiwa na maziwa: protini ya maziwa hushikana na viini vichungu na kuvizuia visifike kwenye ulimi kwa wingi. Wakisii na Wakalenjin wa Kenya hupika mboga hii kwa maziwa, na wengi watakwambia kwamba sufuria iliyolala ina ladha kuliko iliyotoka jikoni sasa hivi. Hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Mnavu ni habari nyingine. Uchungu wake hutokana na glaikoalkaloidi, jamii ileile ya kemikali zinazokifanya kiazi mviringo kilichogeuka kijani kiwe hatari. Moto wa jiko hauzivunji kirahisi. Zinapungua kwa kuingia kwenye maji, ndiyo maana maji ya kwanza humwagwa. Kumwaga maji kuna gharama yake, kwani sehemu ya vitamini C na ya folati huondoka nayo. Kwa mnavu mchanga wa masika, wenye majani laini, mimi naona mchemsho mmoja mfupi unatosha. Mnavu uliokomaa na kupigwa na jua la kiangazi, mwaga maji bila kusita. Matunda yake mabichi usiyaguse kabisa.

Watu wa Tanga na Pwani wana mchunga, ambao kwa ukali wa uchungu unaupita mnavu, nao huukabili kwa tui la nazi. Bara hutumia karanga. Yote mawili yana mafuta, na mafuta hufanya kazi mbili: hutuliza uchungu, na huusaidia mwili kufyonza karotini ya majani ambayo bila mafuta hupita tumboni bila faida kubwa. Chumvi nayo, hata kidogo, hupunguza uchungu unaosikika ulimini. Anayepika mboga hizi bila mafuta na bila chumvi akidhani anajijali kiafya, anajinyima ladha na anajinyima lishe.

Dodoma tatizo si uchungu, ni mvua. Mvua za Ugogo ni za miezi michache, na mboga za porini huchipua kwa wingi mara moja, kisha nchi inakauka. Hapo ndipo mlenda unapoonyesha akili ya watu wake. Majani huchumwa, huanikwa, hutwangwa yakawa unga, na unga huo hufika hadi mwisho wa kiangazi. Mlenda wenyewe si mmea mmoja, ni jina la mimea kadhaa, mingine ya jamii ya ufuta, inayoshiriki tabia moja: ikipikwa huteleza. Utelezi huo ni wanga wa aina ya pekee unaonyonya maji na kuvimba. Magadi kidogo yanalainisha kuta za seli haraka, utelezi unatoka kwa urahisi, na rangi ya kijani inabaki angavu. Ukitia ndimu mapema, jani linafifia na kugeuka rangi ya majani makavu. Lakini magadi mengi huharibu vitamini C na vitamini B1, kwa hiyo mkono mwepesi ndio mkono wa mpishi hodari. Jambo moja ningependa kila anayekausha mboga alizingatie: anika kivulini penye upepo. Jua kali huunguza karotini, na ndiyo iliyo na thamani kubwa katika mlenda mkavu.

Ubuyu ndio chakula cha porini kilichokwishashinda. Tunda lake hujikausha lenyewe likiwa mtini, unga mweupe ukiwa tayari ndani ya kifuu, na vitamini C iliyomo ni mara kadhaa ya ile ya chungwa. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo uuzwe kama chakula mwaka 2008. Kwetu umefika mijini kwa njia ya Zanzibar, zile mbegu zilizopakwa sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili, na sina neno baya dhidi yake. Ninalolipinga ni kuchemsha juisi ya ubuyu kwa muda mrefu. Loweka unga kwenye maji ya uvuguvugu, koroga, chuja. Uchachu unabaki mkali, harufu inabaki, na ile vitamini inayotajwa kila mara nayo inabaki.

Kuna vyakula vya porini ambavyo si vya kuonja kwa kubahatisha. Mtwara na Lindi wana ming'oko, viazi vikuu vya mwituni, vyembamba, vinavyochimbwa hasa na akina mama, kuchemshwa na kuuzwa barabarani. Ni vitamu, vina unga, vinamenyeka kwa vidole. Lakini katika ukoo huohuo wa viazi vikuu kuna vingine vyenye alkaloidi inayoshambulia mishipa ya fahamu, na watu waliovila miaka ya njaa walijua kuvikata vipande vyembamba na kuviloweka siku kadhaa kwenye maji yanayotembea. Anayevichimba bila mwalimu anacheza na maisha yake. Uyoga ni vivyo hivyo. Ule wa njano wa misitu ya miombo, wenye harufu inayokaribia ya tunda, huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti, kwa hiyo msitu ukikatwa uyoga nao unakwisha. Hakuna jaribio la kijiko cha fedha wala la kitunguu linaloweza kukwambia uyoga upi una sumu. Anayejua ni yule aliyefundishwa na mzee wake, uyoga ukiwa mkononi.

Nani anayejua zaidi ladha ya pori la Tanzania? Ningewataja Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao mpaka leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2009 watafiti Frank Marlowe na Colette Berbesque walichapisha majibu yao walipoonyeshwa picha za vyakula vyao na kuulizwa wanavipanga vipi kwa utamu. Asali ilikuwa ya kwanza, kwa wanaume na kwa wanawake. Mizizi ikawa ya mwisho. Hata hivyo mizizi huliwa mwaka mzima, kwa sababu ipo ardhini mwaka mzima, ilhali asali, matunda na ubuyu vina misimu, na mnyama ana hiari ya kukimbia. Mizizi huchomwa haraka motoni, hutafunwa, na nyuzi hutemwa. Nimeutaja utafiti huu kwa makusudi. Watu wanaodhani mlaji wa porini anapenda kila kilichomo porini wanamvunjia heshima. Ana uchaguzi wake kama wewe na mimi.

Sasa nyama. Mnyama wa porini hutembea kutwa, hakunenepeshwa na mtu, na misuli yake hutumika. Kwa hiyo nyama ya swala pala ina mafuta machache mno, mara nyingi chini ya asilimia 3, na rangi yake ni nyekundu iliyokolea kwa sababu ya wingi wa mayoglobini, ile protini inayoshika oksijeni ndani ya msuli. Mafuta ndiyo yanayoisamehe nyama ya ng'ombe inapokaa jikoni kupita kiasi. Swala hana msamaha huo. Ukimweka juu ya makaa kama mbavu za mbuzi, atakuwa mkavu kabla hujamaliza kukatakata kachumbari. Nyama ya paja ikatwe vipande, ikolezwe kwa ukwaju au maziwa mgando, kisha ipikwe polepole kwa mafuta na kitunguu, sufuria ikiwa imefunikwa. Steki ipigwe moto mkali kwa dakika chache tu. Pofu ni tofauti kidogo. Ana mwili mkubwa, nyama yake ina ulaini, na wawindaji wengi wanamweka juu ya wote. Nami nakubaliana nao.

Ile harufu nzito ambayo watu huiita "ya porini" mara nyingi haikutoka porini. Ilitoka kwenye namna mnyama alivyouawa. Msuli wa mnyama aliyetulia una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Akifa ghafla, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na nyama hushuka hadi pH ya takriban 5.5, hali ambayo bakteria hawaipendi. Mnyama aliyefukuzwa au aliyenaswa kwenye waya usiku kucha ameshaitumia akiba yote. Nyama yake hubaki juu ya pH 6, huwa nyeusi, ngumu, yenye kunata, na huoza upesi. Ongeza utumbo uliochelewa kutolewa na safari ndefu ndani ya gunia, utaielewa ile harufu. Nyama ya ujangili kwa kawaida hupitia yote haya.

Ipo pia sababu nzito zaidi ya kuiepuka. Mnyama aliyekutwa amekufa haliwi, hata kama ni mbichi na amenona. Kimeta hutengeneza mbegu zinazostahimili mchemsho wa kawaida wa jikoni, na kumchuna tu mnyama wa aina hiyo kunatosha kukuambukiza. Ngiri na nguruwe pori waive mpaka ndani kabisa, kwa ajili ya minyoo.

Tanzania ilitunga kanuni za kuuza nyamapori mwaka 2020, na mabucha yenye leseni yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukinunua, dai risiti na uitunze, kwani anayekutwa na nyama isiyo na uthibitisho anaweza kushtakiwa kwa kosa la kupatikana na nyara za Serikali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo yaliyoandikwa hapa kuhusu swala na pofu hayavuki mpaka wa Namanga. Mimi naunga mkono bucha la halali. Mnyama mwenye bei inayojulikana, aliyekaguliwa na daktari wa mifugo, ana watu wengi wanaotaka aendelee kuzaliana.

Si kila kitamu kina bahati hiyo. Nyanda za juu kusini, kuanzia Makete hadi Ufipa, huchimbwa viazi vidogo vya okidi za nchi kavu ambavyo huvuka kwenda Zambia kutengenezwa chikanda: viazi hutwangwa, huchanganywa na karanga na magadi, na kupikwa mpaka mchanganyiko unashikamana na kukatika vipande kama soseji nene. Ladha yake ni ya karanga na udongo wa mvua, na mshiko wake mdomoni hauna mfano katika mboga zetu. Lakini kuchimba kiazi ni kuua mmea wenyewe, na okidi huhitaji kuvu maalumu wa ardhini ili mbegu yake iote, kwa hiyo hairudi upesi kama mboga iliyochumwa majani. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na maua hayo yalikuwa sababu kubwa. Mnavu na mgagani sasa vina mbegu bora dukani, kwa sehemu kutokana na kazi ya Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye tawi Arusha tangu 1992. Mtu anaweza kuvila bila hofu. Chikanda, mpaka atakapopatikana wa kuiotesha shambani kwa wingi, mimi siinunui.