Msomee mtoto kabla hajajua kusema

Wazazi wengi wa mijini huamini kwamba kumfunza mtoto kusoma ni kazi ya mwalimu. Basi mtoto hununuliwa sare na mkoba, hupelekwa shule ya chekechea, na huko ndiko anakokutana na kitabu mara ya kwanza. Kufikia hapo, miaka mitatu au minne ya thamani kubwa huwa imepita.

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mamake. Maneno anayosikia miaka hiyo ndiyo atakayoyatafuta kitabuni baadaye. Asiyekuwa na maneno anaweza kufunzwa kutamka herufi, lakini haelewi asomacho.

Madaktari nao wamelishughulikia jambo hili. Mnamo 1989, katika hospitali ya Boston City nchini Marekani, walianza kuwapa watoto vitabu wanapoletwa kliniki. Mwaka wa 2014 chama cha madaktari wa watoto nchini humo kilishauri watoto wasomewe tangu wakiwa wachanga.

Mtoto wa miezi sita atakitia kitabu mdomoni. Usimkemee, ndivyo anavyokichunguza. Wa mwaka mmoja na nusu hatangoja hadithi iishe. Mwonyeshe picha, mwulize ng'ombe yuko wapi, kisha umpe nafasi aonyeshe kwa kidole. Wa miaka mitatu mwulize kwa nini sungura amekimbia. Ataitaka hadithi ile ile kila siku hadi uchoke wewe. Msomee tu, kwani kwa kurudia ndipo anaposhika maneno.

Tumia lugha unayoimudu, iwe Kiswahili, Kikamba au Dholuo. Kiingereza cha kubahatisha hakimfaidi mtoto, hata kama majirani watavutiwa. Asiyejua kusoma naye aweza kusimulia kwa kufuata picha.

Vitabu ni ghali, ni kweli. Lakini kuna maktaba, na tangu 2014 mradi wa African Storybook hutoa hadithi bila malipo kwenye intaneti, katika lugha nyingi za Afrika.

Na ikiwa wewe hufika nyumbani saa tatu usiku mtoto akiwa amelala, mwonyeshe yaya namna ya kumsomea. Yeye ndiye anayeshinda naye.

Unaposoma, mwangalie mtoto pia. Ikiwa hageuki akisikia sauti, au amefika miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, mpeleke kliniki apimwe masikio.