Majina ya Pekee Yageukayo Kuwa Majina ya Kawaida

Katika shule zetu za Bariadi twawafundisha watoto ya kuwa jina la pekee ni la mtu mmoja au mahali pamoja, nalo huandikwa kwa herufi kubwa. Bali jina la kawaida ni la kila kitu cha aina ile. Kanuni hii ni njema, lakini yako majina yavukayo mpaka huo, na yafaa mwalimu ajue jinsi yavukavyo.

Kwanza tuondoe shaka moja. Simiyu ni jina la mto uingiao Ziwa Victoria, na mwaka 2012 mkoa wetu mpya ulipewa jina lilo hilo. Jina limepata mwenyewe wa pili, wala halikuvuka, kwa maana halikuwa jina la kila mto wala la kila mkoa.

Sasa tuangalie neno merikani. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walileta Unguja nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, na misafara ikaichukua mpaka bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangu 1861 hata 1865, vilipopunguza nguo hizo, za Uingereza na Bara Hindi zilishika mahali pake. Hata hivyo jina lilibaki, na nguo iliyofumwa Bombay ikaitwa merikani vilevile. Hapo ndipo jina lilipovuka: lilitaja namna ya nguo, si nchi itokako.

Wasomaji wa Injili wameona jambo hili katika neno Kaisari. Lilikuwa jina la ukoo wa Julio. Baadaye likawa cheo, hata Tiberio akaitwa kwalo.

Mfano wa siku hizi ni bajaji. Jamnalal Bajaj alikuwa mfanya biashara wa Bara Hindi, aliyefariki mwaka 1942. Jina la ukoo wake lilichukuliwa na kampuni itengenezayo vyombo vya magurudumu matatu. Leo abiria huita bajaji hata chombo kilichotengenezwa na kampuni nyingine.

Mwalimu atatambuaje ya kuwa jina limekwisha vuka? Sarufi itamwambia. Twasema “Bajaj alifariki”, lakini “bajaji imeharibika”. Tena twasema “bajaji mbili” na “bajaji mpya”. Jina limeingia katika ngeli ya vitu, limepokea hesabu na sifa, limepata irabu mwishoni, na herufi kubwa imeondoka.

Lakini jambo hili si la sarufi tu. Panadol ni jina la biashara la dawa iitwayo parasetamoli. Jina hili limevuka nusu: wengine huita panadol kila kidonge cha parasetamoli, na wengine hudhani ni dawa mbili mbalimbali. Basi mgonjwa aliyepewa parasetamoli zahanati aweza kununua panadol dukani na kumeza zote pamoja. Kumbe amezidisha dawa moja, nayo ikizidi kipimo huharibu ini.

Kwa hiyo tusiwakemee watoto wasemapo bajaji au panadol, kwa kuwa ndivyo lugha ikuavyo. Tuwazoeze kuuliza maswali mawili: jina hili lilikuwa la nani, na kitu chenyewe chaitwaje? Mtoto azoeaye swali la pili atasoma maandishi ya pakiti ya dawa kabla ya kumpa mama yake.