Msumeno wa kuni: injini kubwa yamla mwenyewe

Kuni zinazouzwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini hazitokani na magogo makubwa. Mkoani Njombe, ambako kampuni ya miwati ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949, muwati ukishachunwa gome la kusindikia ngozi hubaki mti wa unene wa mkono, mnene zaidi ukiwa wa paja. Mufindi ni matawi na vilele vya misindano na milingoti, masalia ya wapasua mbao. Mzigo wa namna hii ndio unaoingia kwenye majiko ya mabweni, tanuri za mikate, matanuru ya tofali na, kule Urambo na Kaliua, mabani ya tumbaku. Lakini mtu anayeanza biashara ya kuzikata akifika dukani huvutwa na msumeno wa kuangushia mvule, na hasara yake huanzia hapo.

Tuchukue mifano miwili ya Stihl, kampuni ya Ujerumani inayofahamika kwa mafundi wengi. MS 070, mkongwe wa misitu ya tropiki, una injini ya sentimita za ujazo 105.7, uzito unaopita kilo 10 kabla ya kufungwa bapa na mnyororo, na tangi la lita 1.2. MS 170 una sentimita za ujazo 30.1, kilo nne na ushee, na tangi la robo lita. Kwa gogo la sentimita 15, huu mdogo wenye bapa la inchi 12 au 14 hukata bila kulalamika. Ule mkubwa utakata haraka zaidi, ni kweli, ila sekunde hizo hazina soko. Muda mwingi wa mkata kuni huishia katika kuinua, kupanga na kuondoa vipande, na msumeno unanguruma huku petroli ikiungua bure. Ikifika saa nane mchana, kijana aliyebeba kilo 10 tangu asubuhi ameshachoka mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayokata mapaja.

Kuna hatari nyingine inayosemwa mara chache. Meno makubwa ya mnyororo mzito hulikamata gogo jembamba na kulirusha au kulivuta kuelekea kwa mkataji. Mnyororo mwembamba wa hatua (nafasi ya viungo) ya inchi 3/8 ya kimo cha chini, unaokuja na misumeno midogo, hung'ata kidogo kidogo. Hata hivyo ncha ya juu ya bapa ikigusa gogo la pili kwenye rundo, msumeno wowote utaruka kuelekea usoni, uwe mdogo au mkubwa.

Tija halisi ipo kwenye kitanda cha kukatia, na kitanda hicho hakiuzwi dukani. Ni mbao zilizopishwa kwa umbo la herufi X, jozi tatu au nne kwa mstari. Unapanga fito kumi au zaidi ndani yake, unazifunga kamba pande mbili, kisha unashusha msumeno mara moja kwa kila urefu unaotakiwa na mteja. Mkato mmoja unatoa kuni kumi, mgongo haukunjwi na mnyororo haugusi ardhi. Hili la ardhi lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mgusano mmoja na mchanga unatosha kuua makali yote ya asubuhi.

Makali yenyewe husomeka chini ya miguu. Mnyororo mkali hutema punje nene za mti. Ukianza kumwaga unga laini na mkataji akaanza kusukuma, umekuwa butu, na kuanzia hapo injini inaunguza mafuta kwa kazi ya kusugua. Dawa yake ni tupa ya duara ya kipenyo sahihi: milimita 4 kwa ile 3/8 ya chini, 4.8 kwa hatua ya .325, 5.2 kwa 3/8 kubwa. Pembe ya kunolea kwa kawaida ni digrii 30, na kila jino lipitishwe tupa idadi ileile, la sivyo msumeno utakata upogo. Nampa heshima kubwa mfanyakazi anayenoa kila tangi linapokwisha. Huyo anamwingizia mwajiri wake fedha nyingi kuliko injini yoyote.

Kwenye mafuta, injini nyingi za kisasa huchanganyiwa kwa 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili maalumu kwa lita tano za petroli. Oili ya mnyororo ni nyingine kabisa. Wengi huweka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari kwa kuwa ni ya bure, na chembe za chuma zilizomo humo hula bapa na pampu taratibu.

Misumeno ya bei nafuu kutoka China, ile yenye chapa ya 52 au 58 ubavuni, imejaa Kariakoo na kwenye maduka ya miji midogo. Siidharau. Spea zake, kuanzia kabureta hadi kamba ya kuwashia, zinapatikana hadi Makambako, na fundi wa pikipiki anaifungua bila woga. Ubaya wake kwa kuni ndogo ni bapa la inchi 20 au 22, refu kuliko kazi, na tarakimu za ubavuni, za ujazo wa injini, ambazo si lazima ziwe za kweli. Anayeichukua afunge bapa fupi na mnyororo unaolingana nalo.

Mwenye yadi iliyo karibu na nguzo ya umeme afikirie msumeno wa mnyororo wa umeme kabla ya petroli. Wa kilowati 1.5 ukifanya kazi saa nzima kwa nguvu zote unakula uniti moja na nusu, haudai mchanganyiko wala plagi, na jirani halalamiki sana. Shida yake ni waya. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu na kuunguza mota, kwa hiyo usishuke chini ya milimita 2.5 za mraba kwa masafa ya yadi. Misumeno ya betri ni mizuri kwa kupogolea bustani, lakini kwa kuni za kuuza betri ya pili na ya tatu hula mtaji wote. Msumeno wa duara wa mezani unaishinda yote kwa kasi penye mzigo wa kila siku mahali pamoja, ila bila kinga ya diski na kitoroli cha kusukumia magogo nisingemweka mtoto wa mtu mbele yake.

Mnunuzi apige pia hesabu ya soko. Serikali ya Tanzania iliziagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Mteja wa bweni, aliyekuwa nguzo ya biashara hii, ataendelea kupungua. Msumeno wa kilo nne bado utakuwa na kibarua kwenye mashamba ya miti: kupogoa misindano, kupunguza miti iliyosongamana, kukata nguzo za uzio. Ule wa kilo 10 utasubiri mti mkubwa wenye kibali cha kuvunwa.