Bei ya Sindano za Kupunguza Uzito na Njia za Kuishusha

Bei ya dawa ya kupunguza uzito inayotolewa kwa cheti cha daktari haifuati gharama ya kuitengeneza, na jambo hilo linastahili kueleweka mapema katika mji kama Mai Mahiu, kituo cha malori kilicho chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, ambako madereva hukaa kwenye usukani saa nyingi na kula usiku wa manane, mazoea yanayochangia unene na kisukari. Tatizo si lao peke yao, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Dawa inayotajwa zaidi ni semaglutaidi, ambayo kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark huiuza kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari na Wegovy kwa wenye unene. Hudungwa mara moja kwa wiki, nayo huiga homoni ya GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mlo ili kuuarifu ubongo kwamba shibe imefika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, walioitumia walipungua kwa wastani wa takriban asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68. Hata hivyo, uzito mwingi hurudi dawa inapoachwa, kwa hiyo anayeulizia bei hana budi kuhesabu miaka.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA Network Open ulikadiria kwamba semaglutaidi ya mwezi mzima inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida chini ya dola 5, ilhali bei rasmi ya Marekani ilikaribia dola 1,000. Pengo hilo hulindwa na hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi ukiritimba kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Nchini India ukomo wa hataza ya semaglutaidi uliangukia Machi 2026, na viwanda vya huko, vinavyotengeneza dawa jeneriki, yaani zenye kiini kilekile bila jina la kibiashara la mwanzo, vilijiandaa mapema.

Kenya imewahi kupita njia hii. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, na mwaka huohuo Kenya ikatunga Sheria ya Mali ya Viwanda, inayoruhusu kuagiza dawa iliyokwisha kuuzwa kihalali kwa bei nafuu katika nchi nyingine, na kuipa serikali uwezo wa kutoa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya kutengeneza dawa bila ridhaa ya mwenye hataza. Miji ya barabara kuu, iliyoguswa sana na VVU, ilinufaika na bei hizo. Sheria ingalipo, na ni ajabu kwamba mjadala wa sindano za uzito huitaja kwa nadra.

Kwa sasa, mgonjwa mwenye unene pamoja na kisukari ana hoja nzito kuliko anayetaka tu kupungua, kwa kuwa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu kwa wenye kisukari cha aina ya pili wanaougua pia moyo au figo na walio na unene. Orodha hiyo hailazimishi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuzilipia, lakini huwapa madaktari na wabunge msingi wa kudai.

Unafuu unaotiliwa shaka ni ule wa mitandaoni: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic bandia, na hata kalamu halisi, ambayo kabla ya kufunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, haifai kununuliwa kwa mtu asiyeweza kueleza ilikotunzwa njiani.