Marekani: Bastola kiunoni, usalama unaanzia kwenye mfuko wake

Huko Marekani, raia wengi wanaobeba bastola kisheria wanaiweka mbele ya tumbo, ndani ya suruali, chini ya shati. Hapo haionekani kwa urahisi, na mkono unaifikia haraka. Lakini mdomo wake unaelekea kwenye paja, karibu na mshipa mkubwa wa damu. Risasi ikitoka kwa bahati mbaya, mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yanaruhusu watu wazima kubeba bastola iliyofichwa bila kibali. Kwa hiyo wengi wanajichagulia mfuko wa bastola wenyewe, bila mafunzo ya lazima.

Jambo la kwanza ni kifyatulio, pale kidole kinapovuta ili risasi itoke. Mfuko unapaswa kukifunika chote kwa kitu kigumu. Wengi wanapendelea plastiki ngumu iitwayo Kydex. Ngozi laini iliyochakaa inaweza kujikunja, ikaingia ndani na kusukuma kifyatulio wakati bastola inarudishwa.

La pili, mfuko ushike bastola hata mwenyewe akikimbia au akianguka. Mwezi wa sita 2018, mjini Denver, ajenti mmoja wa FBI alikuwa akicheza dansi kwenye baa. Alipopiga sarakasi, bastola ikamtoka kiunoni. Alipoiokota ikafyatuka, na risasi ikamjeruhi mteja mguuni.

Baada ya hayo ndipo linakuja suala la kuificha. Kinachomsaliti mtu kwa kawaida ni mpini, unaosukuma shati. Mifuko mingi ina kipande kidogo kama ukucha, kinachosukumana na mkaba na kuurudisha mpini mwilini. Wengine wanaongeza kabari laini upande wa chini, kati ya mfuko na mwili. Kabari hiyo inasukuma sehemu ya chini nje, na ya juu inalala kwenye tumbo. Pia inapunguza maumivu mtu anapoketi ndani ya gari.

Urefu nao una maana. Mfuko mfupi mno unapinduka juu ya mkaba, hasa kwa mwenye kitambi, kwa sababu uzito wote unabaki juu. Ule mrefu kidogo unatulia. Mkaba wenyewe uwe mgumu, na vibanio viushike sawasawa.

Starehe si anasa hapa. Mtu anayeumizwa na mfuko anaushikashika mbele za watu, na hapo siri inatoka. Mwingine anaamua kuchomeka bastola suruali tupu, na hilo ndilo la hatari kuliko yote.

Hata mfuko mzuri hauondoi uangalifu. Saa nyingi ya hatari ni ile ya kurudisha bastola. Inafaa kuinua shati kabisa, kutazama, kuweka kidole mbali na kwenda polepole. Njia salama zaidi ni kutoa mfuko kiunoni, kuingiza bastola ndani yake, kisha kuuvaa tena.