Shaba haina miguu: ni nani anaisafirisha, na watoto wetu wako wapi?

Kama unaishi Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, unazijua zile kamio. Muchana na usiku zinapita, zimebeba katode za shaba na mifuko mikubwa ya kobalti, zinaelekea Kasumbalesa. Watoto wetu wanakomaa wakizihesabu kutoka ku lupango. Ukiwauliza wanataka kazi gani, wengi wanajibu: kuendesha mashini mu shimo. Sawa, ni kazi ya heshima. Lakini siku moja kijana wa jirani, amemaliza Commerciale et Gestion na hana kazi, aliniuliza: "Papa delege, bale batu benye kupangaka hizi kamio zote, beko nani? Banasomeaka wapi?"

Sikupata jibu palepale. Leo ninajaribu kulitoa.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2024 inchi yetu ilitosha zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Kamio moja inabeba karibu tani 30. Kama shaba yote ingepita ku barabara, ingekuwa safari 100.000, na hizo ni za kwenda tu. Kuko pia vitu vya kuingia: mazutu, chokaa, piesi, mapira makubwa, mipira ya chuma ya kusaga mawe, na ile unga ya njano, sufre. Sufre inachomwa ili kupata asidi, na asidi njo inakula jiwe ili shaba itoke. Sufre ikikosa, usine inasimama, hata kama sisi mu shimo tuko na nguvu zote.

Na njia ni ndefu. Kutoka Lubumbashi mupaka Durban ni zaidi ya kilometa 2.500. Kupitia Nakonde na Tunduma mupaka Dar es Salaam ni karibu 2.000. Magaribi kuko njia ya treni ya Benguela, karibu kilometa 1.700 kutoka Kolwezi kupitia Dilolo mupaka Lobito. Njia hiyo ilianza kubeba shaba ya Katanga mu 1931, vita ya Angola ikaikata mu 1975. Sasa upande wa Angola iko mu mikono ya Lobito Atlantic Railway, yenye kontra ya miaka 30, na yenye kuanza kazi mu 2024. Ku kila mupaka, kila gare na kila bandari kunatakiwa mutu mwenye kujua mizigo na makaratasi yake. Hiyo kazi yote, toka kuagiza mupaka kufikisha, njo wanaiita logistiki.

Siku niliposhindwa kumutetea mutu

Nitasema jambo moja lenye lilinipata. Mu mugodi mumoja, jina lake ninaliacha, pele kubwa ilisimama siku tatu juu ya juwe moja dogo la kuzuia mafuta. Wakubwa waliliagiza mbio, likakuja na ndege, kwa bei ya ajabu. Kisha, siku ya inventeri, tukakuta manne ya namna ileile mu magazini. Yalikuwa ku rafu kila siku, lakini yaliandikwa na nambari ingine.

Kosa lote likaangukia magazinie. Alikuwa mufanyakazi wa siku kwa siku, na hakuna mutu aliyemufundisha namna ya kupanga nambari za piesi. Walimufukuza. Miye nilienda kumutetea kama delege, nikashindwa. Nilijua sheria ya kazi vizuri, lakini kazi yake sikuijua. Waliponiuliza fishi ya stoki inajazwa namna gani, nilinyamaza.

Toka siku ile nilianza kujifunza. Niliona mambo mawili. La kwanza: magazini si mahali pa kutupa watu wenye kuchoka, ni moyo wa mugodi. La pili: mutu asiyejua kazi hiyo ni mwepesi wa kufukuzwa, na sendika isiyoijua ni bure mbele ya patro.

Kazi zenyewe ni gani?

*Magazinie.* Anapokea vitu, anavihesabu, anaviweka na nambari, anavitosha kwa boni. Anajua kanuni: kile kimeingia kwanza kitoke kwanza, na kile chenye tarehe ya kuisha karibu kitangulie. Anajua piesi gani haipashwe kukosa hata siku moja, na piesi gani inalala miaka ikila pesa bure. Kwa kuanza, diplome ya Leta, hesabu safi na mwandiko wa kusomeka vinatosha.

*Mwenye komande.* Anaomba bei kwa wauzaji watatu ao wanne, analinganisha, anafuata komande mupaka ifike. Huyu anapashwa kujua Incoterms. Ni kanuni 11 za mwaka 2020 zenye kuonyesha ni nani analipa usafiri na ni nani anabeba hasara kama mzigo umepotea mu njia. Neno moja ulilolisoma vibaya linaweza kugharimu kamio nzima.

*Deklaran wa duane.* Anatayarisha karatasi za DGDA na anaziingiza mu programu ya Sydonia. Kosa moja ku karatasi, kamio inalala ku mupaka, na kila siku ya kulala inalipwa. Mu Februari 2025, serikali iliposimamisha kobalti kutoka, wale wenye kufuata sheria kila siku njo walijua mzigo gani unaweza kuendelea na gani unabaki. Wengine walikuwa wanasikia ku redio.

*Mupangaji wa usafiri.* Anapanga kamio, shoferi, mazutu na saa. Anajua kwamba shoferi mwenye hajalala ni hatari kuliko kamio yenye breki mbovu. Hapa Kiswahili chetu ni mali: mashoferi wengi na watu wa bandari ya Dar es Salaam wanakisema. Ongeza Kifaransa cha ofisi na Kiingereza kidogo cha Zambia, hapo unasimama ku mupaka bila kutafsiriwa.

*Mupangaji wa matengenezo.* Anakaa kati ya garage na magazini. Anajua mashini gani itafunguliwa mwezi ujao, na anahakikisha piesi zimefika mbele ya mekanisie. Fundi wa mikono mwenye kupenda kuandika anaweza kufika pale vizuri sana.

Ba mama na mabinti, nyinyi pia ninawaambia. Mu kazi hizi tano hakuna hata moja yenye kuomba nguvu ya mugongo kuliko akili.

Mbona ni lazima tuanze sasa

Mugodi unaisha, lakini kazi ya kusafirisha haiishi. Wazee wetu wanakumbuka 2003, wakati zaidi ya watu 10.000 walitoka Gécamines mu mupango wa kuondoka kwa hiari, wenye kulipiwa na Banki ya Dunia. Wengi walikuwa na ujuzi wenye ulikuwa na maana paka mu usine ileile. Pesa ya kutoka iliisha, ujuzi ukabaki bila kununuliwa. Mutu mwenye kujua stoki, komande ao duane anaweza kutoka mu mugodi akaenda mu depo ya dawa, mu kampuni ya unga, ku gare, ao ku mupaka. Ujuzi wake unamufuata.

Na kuko ndugu zetu wenye kuumia. Muchimbaji mwenye mugongo umevunjika hawezi kurudi mu shimo. Kama alijifunza mbele, anaweza kuhamishiwa mu magazini na mushahara wake. Kama hakujifunza, mara mingi anapewa bahasha na mukono wa kwaheri.

Namna ya kuanza

Kijana mwenye hana kazi: enda INPP, ile ya serikali yenye kufundisha kazi toka 1964. Uliza mafunzo gani iko nayo mu muji wako na bei yake. Jifunze Excel mupaka uweze kufanya fishi ya stoki mwenyewe. Anza hata ku duka la mama yako: andika kile kimeingia, kile kimetoka, kile kimebaki. Ukiweza hiyo mwezi muzima bila kosa, umeanza kazi.

Mufanyakazi mwenye iko ndani tayari: andika barua ya kuomba mafunzo, uchunge kopi. Kila mwajiri analipa mchango kwa INPP, unahesabiwa juu ya mishahara yetu. Pesa hiyo ni ya kutufundisha. Delege, mu kikao kijacho na patro uliza swali moja tu: "Mwaka huu mchango huo umefundisha nani, na mu kazi gani?" Uombe majina.

Ujilinde pia. Usitie sinyature ku boni mbele ya kuhesabu, hata kama mukubwa anakusukuma. Boni tupu yenye sinyature yako ni kamba ya shingo yako. Na ukisikia mutu anauza kazi ya magazini ao brevet ya siku mbili, kimbia: kazi hainunuliwe ku kona ya soko.

Kazi nzuri, kontra mbovu

Hapa sitawadanganya. Kazi mingi ya logistiki imewekwa mu mikono ya ba sutretan. Sheria 17/001 ya 8 Februari 2017 inasema sutretansi ni ya makampuni ambamo Wakongomani wako na sehemu kubwa ya kapitali. Ni vizuri. Lakini patro Mukongomani anaweza pia kukufanyisha kazi siku kwa siku miaka mitatu.

Mujue basi kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi: kama umeisha kufanya siku 22 mu miezi miwili, na wanakuchukua tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra hiyo inahesabiwa kuwa ya bila mwisho. Andika siku zako mu kaye. Yule magazinie wangu alikuwa na siku zake zote, lakini hakuna mahali ziliandikwa.

Kwa yule kijana wa jirani nilijibu mwishoni: "Mwanangu, batu bale banatoka kwa bazazi kama bako. Paka banajifunza mbele." Sasa anaandika stoki ya duka la mama yake kila mangaribi. Juzi alikuja kunionyesha kaye: sukari ilipungukiwa kilo mbili, na alijua ni siku gani zilitoka.