Mlinganyo ambao May alitaka wanafunzi wauchezee

Juni 1976 jarida la Nature lilichapa makala ya Robert May, Mwaustralia aliyeanzia kwenye fizikia akahamia kwenye hesabu za viumbe, wakati huo akiwa Princeton, Marekani. Niliifungua nikitafuta jambo jingine kabisa. Sijatoka tena kwenye maneno yake ya mwisho. Baada ya kurasa kadhaa za hesabu nzito, May anageuka kuwa mwombaji: wanafunzi, anasihi, waonyeshwe mlinganyo huu mapema katika masomo yao. Kalikulasi haihitajiki. Kikokotoo kinatosha, na asiye nacho atumie kalamu.

Basi shika simu yako. Idadi ya wadudu wa mwaka huu iandike kati ya 0, yaani wametoweka, na 1, yaani hakuna nafasi ya kuongezeka. Itoe kwenye 1, zidisha jibu kwa idadi yenyewe, kisha zidisha kwa kasi ya kuzaliana. Umepata wadudu wa mwakani. Rudia.

Kasi ikiwa 2, anzia popote katikati, utafika 0.5 na hutabanduka. Ikiwa 3.2, mwaka mmoja 0.513, unaofuata 0.799, kisha 0.513 tena, hivyo hivyo daima. Ipandishe hadi 4. Wewe anza na 0.3, jirani yako 0.301. Hatua ya tatu bado mnasalimiana: 0.994 kwako, 0.996 kwake. Ya nane, 0.448 na 0.719. Ya kumi, wewe una 0.043, yeye 0.620. Hakuna aliyekosea, wala hakuna bahati nasibu iliyopita humo.

May alilalamika kwamba hesabu tunazofundishwa zinatuzoesha vitu vinavyokwenda sambamba: ongeza kidogo, pata kidogo. Mwanafunzi anahitimu akidhani dunia yote iko hivyo. Aliona hasara yake hata kwenye siasa na uchumi, na hakuwa mtu wa pembeni: baadaye alikuwa mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya Uingereza, hadi mwaka 2000.

Wasomi wa elimu walilichukua wazo hili la mambo yasiyokwenda sambamba mbali zaidi. Mwaka 1997 Diane Larsen-Freeman alilipeleka kwenye ujifunzaji wa lugha; 2006 Brent Davis na Dennis Sumara wakatoa kitabu kizima, wakilitazama darasa kama mfumo unaojipanga wenyewe. Linavutia, na mwalimu yeyote aliyewahi kuona kipindi kizima kikigeuzwa na swali la mtoto wa dawati la nyuma atatikisa kichwa kukubali. Ila namba unaweza kuirudisha 0.3 ukaanza upya. Kidato cha pili hukirudishi Jumatatu asubuhi. Utajuaje basi kwamba ni lile swali lililokigeuza kipindi, si njaa, si mvua? Ombi la May lilikuwa dogo kuliko nadharia hizo, na kwangu lina uzito zaidi: mtoto aone kwa vidole vyake.

Tatizo liko kwa mtahini. Simu mbili zinaanza na 0.3 ileile, moja inakata desimali ya nane, nyingine ya kumi na mbili. Kufikia hatua ya arobaini majibu hayajuani. Nani apewe alama?